Kupima Gharama za Gari la Umeme kwa Mkazi wa Mbeya

Kabla ya kununua gari la umeme, anza na mita ya LUKU, kisha ndipo uulize bei ya gari. Gari dogo hutumia takriban uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100; zidisha kiasi hicho kwa bei ya uniti unayolipa, kisha linganisha na gharama ya petroli kwa umbali uleule. Ikiwa uko katika kundi la bei nafuu la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa humo, hivyo fanya hesabu kwa bei ya juu.

Pima pia njia zako. Kwenda Uyole na kurudi hakuna shida, lakini safari ya Iringa inazidi kilomita 300, na milima hula chaji haraka, ingawa kwenye mteremko mota hurudisha sehemu ya nguvu hiyo katika betri. Baridi ya Juni na Julai nayo hupunguza umbali.

Ukichagua Nissan Leaf iliyotumika, hesabu vijiti vya uwezo wa betri kwenye dashibodi. Vikiwa 12, betri ina hali nzuri. Vikiwa vimepungua sana, liache gari hilo hata likiwa linang'aa, kwa kuwa betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Soketi ya kawaida hutoa uniti 2 hadi 3 kwa saa, mzigo utakaodumu usiku kucha, kwa hiyo fundi umeme mwenye leseni akague kwanza nyaya na waya wa ardhi.