Kamati ya kupandisha mji kuwa manispaa imefika kwenu? Hivi ndivyo wakazi mnavyojiandaa

Nimetoka kusaidia kikundi cha wakazi kuandaa maoni yao mbele ya kamati ya muda ya gavana, ile inayokaa kuangalia kama mji upandishwe uwe manispaa au ubaki ulivyo. Maswali niliyopigiwa simu yalikuwa yale yale, kwa hivyo nayaweka yote hapa, na mwenye mji wake akifikiwa na kamati atapata pa kuanzia. Hii ni ya Kenya, chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 na marekebisho yake ya 2019.

Kabla ya yote: ukiweza kubeba kitu kimoja tu kwenda kikaoni, beba ramani ya mpaka unaopendekezwa na hesabu ya watu walio ndani yake. Watu wanakuja na hotuba tamu kuhusu maendeleo, wanapigiwa makofi, alafu mpaka unapita vile ulivyochorwa ofisini na hakuna aliyeuuliza swali. Mpaka ndo unaamua shamba la nani liko ndani ya manispaa na mtaa wa nani umeachwa nje, hayo mengine yote yanafuata baadaye.

Hatua ya 1: Jua mnaombewa ngazi gani

Mji ni kuanzia watu 10,000, manispaa ni 50,000 hadi 249,999, jiji ni 250,000 kwenda juu. Idadi inayohesabika ni ya sensa iliyochapishwa rasmi, kwa sasa ile ya Agosti 2019, sio makadirio ya MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) wala ya mwenyekiti wa soko. Makao makuu ya kaunti yamewekewa njia yao, yanaweza kupewa umanispaa hata idadi isipofika, lakini hata nyinyi someni hatua ya 3 kwa sababu ya mpaka.

Manispaa inatolewa na gavana baada ya bunge la kaunti kupitisha azimio. Jiji linapitia hadi Seneti na hati, yaani karatasi rasmi ya kutangaza hadhi, inatolewa na rais, ndo maana Nakuru ilipokea yake kwa Rais Kenyatta Desemba 2021 na Eldoret kwa Rais Ruto Agosti 2024. Kamati yenyewe inashauri tu. Ndani yake kuna wawakilishi wa wapima ardhi, wapangaji miji, wasanifu majengo, mawakili, wahasibu na wafanyabiashara, kumaanisha wanaowasikiliza ni watu wa ramani na hesabu, na mkienda na ramani na hesabu mnaongea lugha yao.

Na kwa wazee wanaouliza kama meya atarudi: hapana. Meya wa zamani aliondoka na yale mabaraza 175 uchaguzi wa Machi 2013. Manispaa ya sasa inaongozwa na bodi ya watu tisa na meneja, nitarudi kwa hiyo bodi mwishoni.

Hatua ya 2: Omba karatasi, tena kwa barua

Andikia idara ya miji ya kaunti barua, taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, omba ramani ya mpaka unaopendekezwa, rasimu ya hati ya manispaa na mpango jumuishi wa maendeleo wa mji kama upo. Wana siku 21 za kujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usiombe kwa simu na usikubali kutumiwa picha ya ramani kwa WhatsApp, ile picha ukiikuza inakuwa ukungu mtupu na mstari wa mpaka hauonekani unapita upande gani wa barabara. Taka faili, au uende na flashi.

Hatua ya 3: Hesabu watu walio ndani ya mpaka

Hapa ndo kazi yote ilipo, tulia.

Shirika la takwimu, KNBS, lilichapisha matokeo ya sensa ya 2019 kwa majuzuu, na juzuu unayotaka ni ya pili, ile inayogawa watu kwa maeneo ya utawala hadi sablokesheni, yaani eneo la naibu wa chifu. Inapatikana bure kwenye tovuti yao. Kila sablokesheni ina idadi ya watu, idadi ya kaya, ukubwa kwa kilomita za mraba na msongamano. Fungua spredishiti, andika kila sablokesheni inayoguswa na mpaka kwenye mstari wake na hizo namba nne. Mimi natumia LibreOffice kwa sababu haihitaji bando, na nakushauri usifanye hesabu hii kwenye simu, utachanganya mistari.

Sasa mitego. Wa kwanza: wadi na sablokesheni havilingani. Wadi ni mipaka ya IEBC, tume ya uchaguzi, sablokesheni ni ya serikali kuu upande wa machifu, na sensa ilihesabiwa kwa sablokesheni. Karatasi nyingi za kaunti zinasema manispaa itakuwa wadi fulani na fulani na nusu ya wadi ile nyingine, halafu zinaweka idadi ya watu pembeni. Uliza hiyo idadi imetoka wapi. Kama ni jumla ya sablokesheni nzima nzima wakati mpaka unakata sablokesheni katikati, basi wamehesabu watu ambao hawamo.

Wa pili: usichukue ile idadi ya kituo cha mjini kwenye jedwali la miji ukadhani ni jibu. Ile inahesabu sehemu iliyojengeka mjini wakati wa sensa, na mpaka wa manispaa kwa kawaida unaenda mbali zaidi ya hapo. Itumie kama sakafu tu: mji wenyewe una watu hawa, hao wengine mnaotuambia wametoka mashambani kiasi gani?

Wa tatu: kuna sablokesheni na lokesheni zilizogawanywa baada ya sensa. Jina lipo kwenye kibao cha ofisi ya naibu wa chifu lakini kwenye jedwali la 2019 halipo. Usikisie. Nenda kwa naibu wa chifu mwenyewe umuulize eneo lake lilimegwa kutoka wapi, kisha tumia jina la zamani. Wengi wanajua mpaka wao kwa miti, mito na nyumba za watu kuliko ramani yoyote, na wakiulizwa kwa heshima wanaeleza vizuri sana.

Wa nne, na huu ndo mrefu: sablokesheni iliyokatwa katikati. Njia wanayoipenda watu wa ofisini ni kugawa kwa eneo, yaani kama mpaka unachukua asilimia 40 ya ardhi basi wanachukua asilimia 40 ya watu. Sikubaliani nayo kabisa. Watu hawajamwagwa sawasawa kama mbegu, wamejazana kando ya lami na kwenye plot za kupangisha, na huko nyuma ni mahindi au mikonge. Kwa njia hiyo unaweza kuwanyima watu wa mjini nusu yao au kuongezea mji watu elfu kadhaa ambao hawapo.

Fanya hivi badala yake. Chukua sablokesheni hiyo, gawanya idadi ya watu kwa idadi ya kaya upate wastani wa watu kwa kaya (wa nchi nzima mwaka 2019 ulikuwa 3.9 lakini tumia wa kwenu, usitumie wa nchi). Fungua Google Earth, chora mpaka, rudisha picha nyuma hadi 2019 au mwaka ulio karibu nayo, kisha hesabu mapaa yaliyo ndani na yaliyo nje. Halafu, na hapa ndo wengi huachia njiani, tembea. Paa moja la mabati linaweza kuwa nyumba ya familia moja, au vyumba kumi vya kupangisha, au stoo ya mahindi, au kanisa. Beba mzee wa mtaa au wa nyumba kumi, pita naye, yeye atakuambia hii ni plot ya vyumba vingapi na ilikuwepo mwaka wa sensa au imejengwa juzi. Andika kila paa kwenye daftari. Ukishapata kaya za ndani na za nje, jumla yake ilinganishe na kaya za sensa. Ikizidi sana umehesabu nyumba mpya, ikipungua sana umesahau plot za nyuma, rudi. Usilazimishe zilingane kwa kubadilisha namba kwenye spredishiti, mpima ardhi wa kamati atakuuliza umezipataje na utakosa jibu.

Mfano wa kuelewa, namba ni za kubuni: tuseme sablokesheni ina watu 8,000 kwenye kaya 2,000, wastani ni wanne. Mpaka unachukua robo ya ardhi, kwa njia ya ofisi ni watu 2,000. Mkihesabu kaya mnakuta 1,300 ziko ndani ya hiyo robo, hao ni watu 5,200. Ni tofauti ya watu 3,200 kwa sablokesheni moja, na mji unaokaribia 50,000 unaweza kuvuka au kushindwa kwa hapo tu.

Kuna pia ramani za maeneo ya kuhesabia ambazo makarani wa sensa walitumia, ndogo kuliko sablokesheni. Zinakaa KNBS. Waandikieni mapema kuziomba, mkizipata kazi inakuwa rahisi zaidi, ila msisimamishe kutembea kwa kuzingoja.

Mwisho wa hatua hii angalia safu ya msongamano. Sablokesheni yenye ardhi kubwa na watu wachache iliyowekwa ndani ya mpaka inakuuliza swali: imeingizwa kwa nini? Sheria inataka mji uwe na nafasi ya kupanuka, hiyo ni sababu halali. Kujaza idadi ifike 50,000 sio sababu, na wenye mashamba hayo wana haki ya kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili. Tulishaona haraka ya 2018, pale kaunti zilipokimbizana kutoa hati ili miji yao, 59 kwa jumla, iingie kwenye pesa za KUSP, mradi wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji. Pesa ni nzuri, barabara na mifereji imejengwa. Lakini mpaka unabaki hata mradi ukiisha.

Hatua ya 4: Huduma

Idadi peke yake haitoshi. Kamati inaangalia pia mapato, barabara, masoko, zimamoto, mahali pa kutupa taka, na kama wakazi wanashirikishwa. Piga picha zenye tarehe, za kizuri na za kibaya. Dampo lililojaa pembeni ya shule ni ushahidi, na stendi mpya pia ni ushahidi.

Hatua ya 5: Kaeni na watu kabla ya kamati kuja

Swali la kwanza kwenye baraza lolote litakuwa reti, yaani kodi ya ardhi. Jibu kwa uwazi: kwa ibara ya 209 ya Katiba kodi ya majengo na ardhi ni ya kaunti, manispaa au isiwe manispaa. Kwa hivyo kupandishwa mji hakuzai kodi mpya papo hapo, lakini ukiwa ndani ya mpaka ni rahisi ardhi yako kupangiwa matumizi ya mjini na kuthaminiwa hivyo baadaye. Waambie yote mawili. Nimeona watu wanaambiwa nusu ya kwanza tu na wengine wanatishwa na nusu ya pili tu, na hakuna anayesaidiwa.

Bandika ramani iliyoprintiwa kubwa, A1 ikiwezekana, ukutani, na penseli ikiwa imefungwa kwa kamba. Akina mama wa sokoni watakuonyesha mambo ambayo spredishiti haijui, kama mahali maji ya mvua yanapokatiza mtaa na watu wakashindwa kuvuka.

Hatua ya 6: Memoranda, yaani maoni yenu ya maandishi

Kurasa mbili, zilizochapwa, na jedwali la idadi na ramani vikiwa viambatisho. Ukurasa wa kwanza uanze na mnachotaka: tunaunga mkono, au tunapinga, au tunaunga mkono ikiwa mpaka utasogezwa kutoka hapa hadi hapa. Msitumie fomu zilizokwisha kujazwa zinazogawiwa na wanasiasa, kamati ikiona karatasi mia zenye maneno yale yale inaweza kuzihesabu kama moja. Majina, namba za kitambulisho na sahihi zikae kwenye karatasi tofauti na msiisambaze kwenye grupu. Kikaoni aongee mtu mmoja, na aliyetembea kwenye hatua ya 3 akae karibu naye kujibu maswali.

Hatua ya 7: Baada ya kikao

Ripoti inaenda kwa gavana, ikikubaliwa suala linaingia bunge la kaunti, na bunge nalo lina wajibu wa kusikiliza umma chini ya ibara ya 196. Kwa hivyo mna mlango wa pili. Peleka nakala ya memoranda kwa karani wa bunge mapema na mfuate MCA wenu aseme hadharani amesimama wapi.

Wakati huo huo sajilini chama chenu cha wakazi. Kwenye ile bodi ya watu tisa kuna viti vinne vya watu wanaopendekezwa na makundi: wataalamu, sekta ya kibinafsi, vyama vya jua kali (mafundi wadogo) na wachuuzi, na vyama vya mitaa. Sheria inasema vyama vilivyosajiliwa. Kikundi cha WhatsApp chenye watu mia tano hakipendekezi mtu yeyote. Andaeni katiba, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha na orodha ya viongozi, mpeleke kwa Msajili wa Vyama, na mfanye hivyo kabla hati haijatolewa, manake tangazo la kupendekeza majina likitoka linaweza kuwa na siku chache tu na usajili hauwezi kukamilika ndani yake.

Mkikwama kwenye hatua ya 3 nitumieni jedwali lenu pamoja na mpaka, bila majina ya watu, nitaliangalia.