Jinsi ya Kuandika Maelezo ya Koha Yatakayoifaa Maktaba ya Chuo Kingine

Miaka michache iliyopita nilipokea kutoka maktaba ya chuo kingine waraka unaoeleza mfumo wao. Uliandikwa kwa ufasaha na kuishukuru menejimenti ipasavyo, lakini haukutaja toleo la programu, wala mipangilio waliyoichagua, wala lililowashinda. Tulihangaika nao siku mbili kabla ya kupiga simu. Hatua zifuatazo ni za mkutubi anayesimamia Koha, programu huria ya kuendesha maktaba, na anayetaka waraka wake ufuatwe na mtu asiyemjua wala asiye na namba yake.

Hatua ya 1: Taja toleo na mazingira. Fungua ukurasa wa About Koha upande wa wafanyakazi, kisha nakili toleo la Koha, mfumo endeshi wa seva, aina ya hifadhidata na injini ya utafutaji, yaani Zebra au Elasticsearch. Koha hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Mei na Novemba, na namba ya toleo hutokana na mwaka na mwezi, hivyo 24.11 ni la Novemba 2024. Msomaji aliyebaki na 22.05 huenda asione menyu unazomwelekeza, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajaanza.

Hatua ya 2: Eleza ukubwa wa kazi. Idadi ya rekodi, nakala, wanachama na matawi, pamoja na mahali seva ilipo, vinatosha katika aya moja.

Hatua ya 3: Eleza mipangilio pamoja na sababu zake. Hapa ndipo maelezo mengi yanapopwaya, kwa kuwa mwandishi hutaja alichochagua na kuacha kueleza kwa nini. Chukua mfano wa DefaultClassificationSource, mpangilio unaoiambia Koha itumie mfumo gani wa kuainisha vitabu, ambao usipoguswa huwa ni Dewey. Sisi tunaainisha kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na tuliingiza vitabu kwa miezi kadhaa kabla ya kugundua kuwa orodha ya rafu imevurugika: QA76, yaani kompyuta, ilitangulia QA9, yaani mantiki ya hisabati, kwa sababu programu ilizipanga namba hizo kwa kanuni isiyo yake. Kubadili mpangilio hakukurekebisha nakala zilizokwisha kuingizwa; ilitubidi tubadilishe sehemu ndogo ya 2 katika uga wa 952, yaani sehemu ya rekodi inayobeba taarifa za nakala, kwa mafungu, kwa kutumia zana ya kurekebisha nakala nyingi kwa pamoja. Aya kama hiyo humwokolea mwenzako kazi kubwa. Ili kupata thamani za mipangilio uliyoitaja, tengeneza ripoti kama hii kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata:

SELECT variable, value FROM systempreferences WHERE variable IN ('DefaultClassificationSource', 'SearchEngine', 'marcflavour');

Usitoe jedwali zima, kwa maana ndani yake zimo pia nywila za huduma za nje kama ile ya kutuma ujumbe mfupi. Vilevile faili la koha-conf.xml lisitoke kamwe kwenye seva, kwani lina nywila ya hifadhidata.

Hatua ya 4: Ambatisha viunzi vya MARC, yaani violezo vya kuorodhesha vitabu kwa muundo wa rekodi unaotumiwa na maktaba. Koha hukuruhusu kupakua kila kiunzi cha uorodheshaji kama faili la jedwali (CSV au ODS), na maktaba nyingine inaweza kukipakia moja kwa moja. Eleza tu nyuga ulizozifanya za lazima, hususan 942 inayobeba aina ya nyenzo na 952 inayobeba taarifa za nakala.

Hatua ya 5: Shirikisha ripoti, si matokeo yake. Amri ya SQL inayoorodhesha vitabu vilivyochelewa ni mali ya kugawana. Majina ya wanafunzi waliochelewa si ya kugawana. Picha za skrini ndizo hatari zaidi, kwa sababu jina na barua pepe ya mwanafunzi hukaa pembeni bila kuonwa na anayeipiga picha. Tumia mwanachama wa majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania na ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya zinavihusu vyuo pia.

Hatua ya 6: Andika lililoshindikana. Hatua hii huzua ubishi ofisini, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Koha lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi inayomwachia mpokeaji wajibu wa kurudisha wema, kama sahani ya jirani isiyorudi tupu. Anayepeleka mafanikio matupu amepeleka nusu ya sahani.

Hatua ya 7: Jaribu waraka kabla ya kuutuma. Mpe mwenzako asiyeshiriki kazi hiyo, pamoja na Koha tupu ya majaribio, kisha keti kimya na uandike kila swali analouliza. Kila swali ni pengo la kuzibwa katika waraka. Ukishaziba, weka tarehe na toleo juu ya ukurasa wa kwanza, uupeleke kwenye umoja wa maktaba za vyuo wa nchi yako, kama COTUL nchini Tanzania au KLISC nchini Kenya, na uusome upya kila unapopandisha toleo.