Jinsi ya kuwatungia vibete sheria ya heshima na kinyongo

Vibete wa hadithi wanajulikana kwa ndevu, nyundo na kinyongo kisichoisha. Waandishi wengi na waendesha michezo ya mezani wanaishia hapo hapo kwenye kinyongo: kibete anakunja uso, anataja kosa alilofanyiwa babu yake, anachomoa shoka. Hiyo ni tabia tu. Sheria inaanza pale anapolazimika kuliweka shoka chini, akaenda mbele ya watu kusema anamdai nani, anadai nini, na akilipwa kiasi gani ataridhika.

Mimi naendesha mchezo wa kuigiza hapa Arusha, mezani, kwa karatasi na dadu, na katika nchi zote nilizotunga hakuna ninayoipenda kama mlima wa vibete. Hapa naeleza ninavyoijenga sheria yao. Nafuata kanuni moja: kabla hujaandika kosa lolote, andika kwanza linafutwaje. Ukianza na kosa utapata vita isiyo na mwisho, na baada ya jioni mbili wachezaji wako watachoka nayo.

Anzia shimoni

Jiulize kwanza kwa nini vibete wanaihitaji sheria ya namna hii. Jibu liko chini ya ardhi. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite kule Mirerani, na hadithi zake nyingi zilihusu mitobozano. Watu wa shimo hili wanafuata mkanda wao wa madini, wa shimo lile wanafuata wao, kisha siku moja ukuta unatoboka na taa zinakutana gizani. Juu kuna mipaka na alama zake. Kule chini kuna mwamba, vumbi, na watu wenye sururu mikononi ambao kila mmoja anaamini yuko kwake.

Sasa wachukue watu hao uwaweke humo kwa miaka mia nane. Hewa inapita kwa huyu kabla ya kumfikia yule. Maji ya shimo la juu yanatokea kwa wa chini. Matimba yaliyoshika dari ya ukoo mmoja ndiyo yanayoshika na ya jirani. Mwenye hasira humo hahitaji silaha, kwa sababu aking'oa timba moja usiku, asubuhi ni msiba. Ndiyo maana katika mlima wangu kosa linaloogopwa kuliko yote ni kinyongo cha siri, na sheria ya kwanza inasema: ukikosewa, tangaza, ukikosa, tangaza.

Jambo hili sikulitoa hewani. Iceland ya kale, ambako hadithi nyingi za vibete ziliandikwa, ilitofautisha kuua na kuua kwa siri. Aliyeua alitakiwa akatangaze kitendo chake kwenye nyumba za karibu, na aliruhusiwa kuziruka zile za ndugu wa marehemu, maana wangemmaliza pale pale. Aliyetangaza alikuwa na kesi ya kujibu na fidia ya kulipa. Aliyeficha alihesabiwa mwuaji wa aibu. Mimi nimewapa vibete wangu zamu mbili za kazi. Zikipita hujatangaza, kosa linageuka kuwa jingine, zito zaidi.

Hapo ndipo heshima inapopata kazi. Waandishi huiacha ielee hewani kama harufu ya udi, kila mtu anaisikia na hakuna anayeishika. Ipe kazi inayoonekana. Katika mlima usio na askari, jina la mtu ndiyo dhamana yake. Mwenye jina safi anaweza kula kiapo. Anayeweza kula kiapo anaweza kuwa shahidi, kukopa mkaa, kuoa, na kujitetea akishtakiwa. Jina likichafuka kiapo chake hakipokelewi, na asiyepokelewa kiapo yeyote anaweza kumsingizia lolote akashinda. Mchezaji akilielewa hilo, ataanza mwenyewe kuchunga ulimi.

Deni ni la ukoo

Usimwachie mtu mmoja dai lake. Wasomali, katika sheria yao ya xeer, wana vikundi vya ukoo vinavyolipa na kupokea dia, yaani fidia ya damu, kwa pamoja, na kiwango kinachotajwa sana kwa uhai wa mwanamume ni ngamia 100. Hakuna kijana mwenye ngamia 100. Wanachangiwa na ndugu, na ndugu wanaojua watachangishwa ndio wanaomshika kijana mkono kabla hajafanya upuuzi. Hakuna polisi anayefanya kazi hiyo vizuri kama shangazi.

Kwenye mchezo hili ni tamu sana. Kibete wa mchezaji anampiga mtu ngumi baa, anatamba, anaondoka. Kesho yake asubuhi anakuja baba yake mdogo, kimya, na orodha ya jamaa kumi na nne na kiasi ambacho kila mmoja ametoa. Hamgombezi. Anamsomea tu majina, la mwisho likiwa la bibi aliyeuza birika lake.

Panga bei, na uzipange kwa umakini

Sehemu hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami nakusihi usiiruke. Bei zinaeleza watu wanathamini nini kuliko hotuba yoyote utakayompa mzee wa ukoo. Sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, za miaka ya 600 hivi, zina orodha ndefu ya viungo vya mwili: kidole gumba shilingi 20, ukucha wake shilingi 3, kidole kidogo shilingi 11. Zile za mfalme Alfred wa Wessex, za mwishoni mwa karne ya 9, zinasema ukimkata mtu huru nywele kwa kumdhalilisha unalipa shilingi 10, na ukimkata ndevu shilingi 20. Ndevu mara mbili ya nywele! Hawa walikuwa wakulima wa Kiingereza. Kwa vibete, panda juu.

Zangu nazihesabu kwa mikuo ya fedha. Uhai wa mchimbaji huru ni mikuo 120. Gumba ni 12, kwa kuwa bila gumba hushiki nyundo. Kidole kidogo 6. Kukata ndevu 30. Kushika ndevu za mtu mbele ya watu, hata bila kung'oa unywele mmoja, ni 15, zaidi ya gumba. Wachezaji huuliza kwa nini, na hilo ndilo swali unalolitaka. Gumba mara nyingi hupotea kwa ajali. Hakuna anayeshika ndevu za mwenzake kwa ajali.

Ukiishapanga bei, weka kilele: kosa moja au mawili yasiyo na bei kabisa. Kwangu ni kung'oa timba na kuziba njia ya hewa. Yasizidi mawili. Kila kosa lisilolipika ni mlango wa vita, na mlima wenye milango mingi ya namna hiyo usingefika ile miaka mia nane.

Ukuta

Dai likishatangazwa, linachongwa. Mlimani kwangu kuna njia ndefu iendayo kisimani, na ukuta wake wa kushoto umejaa madai: jina la ukoo unaodai, jina la ukoo unaodaiwa, kosa, kiasi. Nimeuweka hapo kwa kuwa kila mtu lazima apite kuchota maji. Mwenye deni analisoma deni lake ndoo mkononi, asubuhi na jioni, na watoto wake wanajifunzia kusoma hapo hapo.

Malipo yakikamilika, wazee wa pande mbili wanakuja na sufuria ya madini ya risasi yaliyoyeyushwa, wanaijaza michongo hadi isawazike na ukuta. Mdai anapitisha kiganja juu yake. Kama vidole havikwami popote, dai limekwisha, na kulitaja tena kama dai ni kosa lenye bei yake, mikuo 8. Mtu anaweza kuona ukuta una doa la kijivu, ajue hapa palikuwa na ugomvi na ukalipwa. Koo zenye madoa mengi ya kijivu zinaheshimiwa kuliko zisizo na doa, maana zimethibitika kuwa zinalipa. Dawa ya deni kulipa, na kwa vibete dawa hiyo inaonekana kwa macho.

Kwa kukagua kwa kiganja nilisaidiwa na hadithi ya kale ya Kinorse, ya watu wa Skandinavia, ambamo miungu walitakiwa kulipa fidia ya kijana aliyeuawa akiwa na umbo la fisimaji. Ngozi ya fisimaji ilijazwa dhahabu, kisha ikafunikwa kwa dhahabu, dhahabu iliyonyang'anywa kwa kibete Andvari, na baba wa marehemu akauona unywele mmoja wa ndevu bado uko wazi. Ikabidi Odin, mkuu wa miungu hao, atoe pete aufunike. Umakini wa namna hiyo ndio unaoutaka.

Baraza na maneno

Baraza lisiwe na vitabu. Iceland, tangu bunge lao lilipoanzishwa mwaka 930, ilikuwa na msema sheria aliyechaguliwa kwa miaka mitatu, na kila kiangazi alikariri theluthi moja ya sheria mbele ya watu. Sheria ilianza kuandikwa majira ya baridi ya 1117 hadi 1118. Karibu karne mbili nchi ilitegemea kumbukumbu! Wape vibete wako mtu kama huyo, na umfanye mzee. Kila akikohoa, koo zote zinahesabu nani anakumbuka kifungu kipi.

Kisha kuwe na uzito wa neno lenyewe. Katika hadithi hizo hizo za Kinorse, Loki, mungu mjanja, aliweka dau kichwa chake na kibete Brokkr, akashindwa. Brokkr alipokuja kukidai, Loki akasema kichwa ni chako lakini shingo hatukuitaja. Kibete hakupinga hoja, kwa kuwa ilisimama kisheria. Alimshona midomo. Mpe kila mchezaji wako nafasi ya kuandika mkataba kwa maneno yake mwenyewe, uutunze, na ukifika wakati uusome kama Loki alivyousoma wake.

Asiyelipa

Nitasema kwa ufupi. Usijenge jela; jela ni ya watu wenye serikali. Iceland ya kale haikuwa na wa kutekeleza hukumu, hivyo aliyekataa kulipa aliwekwa nje ya sheria: asilishwe, asivushwe, na akiuawa hakuna fidia. Adhabu ndogo ilikuwa kuhama nchi miaka mitatu. Mlimani kwangu anazimiwa taa. Hakuna anayeruhusiwa kumpa moto. Mengine giza linayamaliza.

Pitisha kesi moja hadi mwisho kabla ya mchezo

Usiwaletee wachezaji sheria ambayo hujaijaribu. Mimi niliijaribu yangu kwa mtobozano. Ukoo wa Taa Saba wakifuata mkanda wa fedha walitoboa shimo la zamani la ukoo wa Nyundo Baridi. Lilikuwa limejaa maji. Maji yakaporomoka, timba likaanguka, kijana wa Taa Saba akapoteza gumba. Taa Saba walikuwa wameshatoa humo mawe ya mikuo 9. Katika makelele yaliyofuata, mtu wa Taa Saba akamshika ndevu mzee wa Nyundo Baridi.

Swali la kwanza: shimo lile bado lilikuwa la Nyundo Baridi? Hapa nimeazima kwa wachimba madini ya risasi wa Derbyshire, Uingereza, ambao baraza lao la migodi pale Wirksworth lina historia ya karne nyingi. Mwenye mgodi alisimamisha juu yake winchi ya mbao. Mgodi ukilala bila kazi, msimamizi alikata alama kwenye mbao hizo. Alama zikifika tatu na kazi haijaanza, mgodi anapewa mwingine, isipokuwa kama kilichozuia kazi ni maji au kukosa hewa. Winchi ya Nyundo Baridi ilikuwa na alama mbili. Kwa hiyo shimo ni lao bado.

Basi Taa Saba warudishe thamani ya mawe, 9, na walipe ndevu, 15. Nyundo Baridi walijua kuna maji wakaacha bila kuweka ishara, hivyo walipe gumba, 12. Ukitoa, Taa Saba wanadaiwa 12. Bila zile ndevu, wangekuwa wao wanaodai mikuo 3. Sekunde mbili za hasira ziligeuza kesi nzima, na mtu wa kwanza kuligundua hilo mezani kwangu alikuwa mchezaji ambaye ndiye aliyeshika ndevu.

Angalia kuwa dadu haikuguswa kwenye hukumu. Itumie kwa shahidi anayesitasita, au kwa msema sheria anapotafuta kifungu. Hesabu waachie wachezaji waifanye wenyewe, wabishane, na wewe unyamaze.

Siku ya kwanza, kila mwenye mhusika wa kibete mkabidhi kikaratasi kimoja: dai lililochongwa ukutani kwa jina la ukoo wake, dogo, mikuo 3 au 4, lenye mdai aliye hai anayeishi karibu. Kwa mmoja wao, na asiwe yule anayependa kupigana, andika kwamba ukoo wake ndio unaodai, na mdaiwa alilipa zamani ila aliyepokea hakumwambia mtu.