Databesi ya programu ya dukani usiiache wazi, ifunge hivi

Kuna mama mwenye duka la dawa Mbagala nilimtengenezea programu, laptopu ikaibiwa, akanipigia "mwanangu usiwe na wasi, si ina paswedi", aisee nilikosa la kumjibu, maana ile paswedi ilifunga skrini tu, databesi ni faili la SQLite (databesi inayokaa yote kwenye faili moja), hata ukilifungua na Notepad unasoma majina ya wagonjwa na dawa walizochukua. Na sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inatudai tuzilinde.

Siku hizi natumia SQLCipher, ni SQLite yenye kufuli, ina toleo la bure, inafunga faili zima kwa AES (njia ya kuficha data kwa ufunguo) ya biti 256. Unaitoa laibrari ya SQLite unaweka hiyo, alafu ukishafungua faili amri ya kwanza kabisa iwe PRAGMA key, ndo inayompa SQLCipher ufunguo. Ukikosea ufunguo haisemi hapo hapo, inagoma ukianza kusoma, so jaribu kusoma sqlite_master (jedwali lenye orodha ya majedwali yote) kwanza.

Data za zamani zihamishe hivi, ukiwa umefungua faili la zamani kwa SQLCipher bila PRAGMA key, maana lenyewe halijafungwa:

ATTACH DATABASE 'mpya.db' AS mpya KEY 'paswedi';
SELECT sqlcipher_export('mpya');
DETACH DATABASE mpya;

Hesabu rekodi kwenye faili jipya, zikilingana ndo ufute la zamani, pamoja na bekapu zote za kwenye flashi, hapo ndo wengi wanasahau.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye ufunguo. Usiuandike ndani ya kodi jamani, programu ya C# inafumuliwa dakika chache tu ufunguo upo nje. Mi napenda muuzaji aandike paswedi kila asubuhi, SQLCipher 4 inaizungusha mara 256,000 kabla ya kuitumia, anayebahatisha anachoka (ndo maana pia ufungue koneksheni mara moja uiache wazi, ukiifungua upya kila unapoiuliza databesi kitu programu itakuwa nzito). Kama hataki kuandika, tengeneza ufunguo wa nasibu wa baiti 32 uutunze kwa DPAPI ya Windows (huduma yake ya kuficha siri za mtumiaji), ila hiyo inategemea akaunti yake ya Windows, kama akaunti haina paswedi hujafunga kitu, na fundi wa Kariakoo akipiga Windows upya ufunguo umeenda na data zimeenda, hamna wa kuzirudisha. Kwa hiyo uprinti kwenye karatasi, umkabidhi mwenye duka mkononi, aufungie kabatini mbali na hiyo laptopu.