Jinsi ya Kulinganisha Mabingwa wa Gofu ya Visahani wa Enzi Tofauti

Katika gofu ya visahani, mchezo wa kutupa kisahani hadi kiingie kikapuni kwa mitupo michache iwezekanavyo, ubishi wa nani bora kati ya Ken Climo, bingwa wa enzi ya zamani, na Paul McBeth, bingwa wa enzi ya karibuni, hauishi kwa sababu kila upande huja na kipimo chake. Wa Climo wanahesabu mataji 12 ya dunia, wa McBeth wanataja ugumu wa wapinzani. Sisi wa Nairobi tumelelewa na ubishi wa namna hii, ila wa riadha una saa ya kuuamua: Paul Tergat alikimbia 2:04:55 Berlin mwaka 2003, Eliud Kipchoge akakimbia 2:01:09 Berlin hiyohiyo mwaka 2022, na kinachobaki kujadiliwa ni viatu na lami. Gofu ya visahani haina saa. Mitupo 54 ya uwanja mmoja haisemi lolote kuhusu uwanja mwingine, na hata uwanja uleule haubaki vile: vikapu vinahamishwa, miti inakua, sehemu za kuanzia zinasogezwa nyuma. Kipimo kinachovuka enzi ni kimoja tu: bingwa aliwaacha kwa umbali gani wale aliocheza nao wiki ile.

Chagua swali kwanza

Unatafuta aliyefika juu zaidi, aliyetawala zaidi, au aliyedumu zaidi? Chagua kabla ya kufungua rekodi, maana ukichelewa utachagua swali linalompa ushindi unayempenda. Tazama upande wa wanawake. Elaine King ana mataji matano ya dunia (1986, 1987, 1991, 1992, 1997), Juliana Korver matano (1998 hadi 2001, kisha 2003), na Paige Pierce matano (2011, 2013, 2015, 2017, 2019). Idadi inawaweka sawa. Lakini King alikaa kileleni au karibu nacho kwa muda wa miaka 12, na Korver alibeba matano ndani ya mashindano sita. Swali la kudumu linamtanguliza King, swali la kutawala linamtanguliza Korver, na yote mawili ni maswali halali.

Tengeneza jedwali

Matokeo ya mashindano yako kwenye tovuti ya chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA. Kwa kila shindano andika mwaka, idadi ya raundi, jumla ya mitupo ya mshindi, na jumla ya kila mmoja kuanzia nafasi ya 2 hadi ya 21. Usimtie mshindi ndani ya kundi hilo. Akiingia, anauvuta wastani upande wake na kupanua mtawanyiko, na ubora wake unajificha.

Tafuta wastani wa hao 20, kisha mtawanyiko wao, yaani jinsi jumla zao zinavyoachana na wastani huo (kwenye Excel ni STDEV). Toa mitupo ya mshindi kwenye wastani, gawanya kwa mtawanyiko. Tuseme mshindi ana 250, wastani wa kundi ni 265 na mtawanyiko ni 6: amepata 2.5. Mwingine ana 258, wastani 270, mtawanyiko 4: amepata 3. Huyu wa pili ameacha pengo la mitupo 12 tu dhidi ya 15 ya mwenzake, lakini ametoroka kundi lililobanana zaidi. Usiridhike na pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Hilo linategemea mtu mmoja, naye huenda alikuwa na wiki mbaya.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mashindano makubwa yana mchujo, kwa hiyo waliokatwa wana raundi chache na jumla ndogo; ukiwapanga kwa jumla bila kuangalia, wanaonekana washindi. Weka waliomaliza raundi zote tu. Pia, katika mashindano yaliyogawa wachezaji makundi, hakikisha wote wamecheza viwanja vilevile kabla ya kujumlisha. Na usilinganishe moja kwa moja shindano la raundi nne na la raundi nane: raundi zikizidi, bahati hujifuta na aliye bora hupata nafasi ya kujitenga.

Mchujo wa sare nao una lake. Mwaka 2021 huko Ogden, Utah, James Conrad alitupa kutoka takriban mita 75 kwenye shimo la mwisho, kisahani kikaingia kikapuni, akamfikia McBeth kisha akamshinda kwenye shimo la nyongeza. Hesabu ya mataji inaandika moja kwa sifuri. Jedwali lako liandike sare, kwa sababu kwa mitupo walimaliza sawa.

Alama za kiwango zina mpaka

PDGA ilianza kuwapa wachezaji alama za kiwango mwaka 1998. Alama 1,000 ndiyo kigezo cha mchezaji mahiri, na mtupo mmoja kwenye uwanja wa kawaida huwa na thamani ya karibu alama 10, pungufu kwenye uwanja mrefu na mgumu. Alama za raundi hukokotolewa kutokana na wachezaji waliokuwapo siku ile wenye alama tayari. Kwa hiyo wote wakipanda pamoja, namba haitikisiki. Alama 1,040 za mwaka 2005 si mchezo uleule wa 1,040 za mwaka 2022.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Climo alitwaa mataji tisa mfululizo, 1990 hadi 1998. Mfumo ulipozaliwa, mfululizo ule ulikuwa unafika mwisho. Anayewalinganisha kwa alama anaweka ujana wa McBeth mbele ya machweo ya Climo. Ukilazimika kuzitumia, toa alama za mchezaji wa kumi wa mwaka uleule na ulinganishe tofauti hizo.

Hesabu nafasi walizokuwa nazo

Kuanzia taji lake la kwanza hadi la mwisho (1990–2006), Climo alishinda 12 kati ya mashindano 17 ya dunia. McBeth, 2012 hadi 2022, alishinda 6 kati ya 10, kwa kuwa la 2020 halikufanyika kwa sababu ya korona. Madirisha yote mawili yanaanza na kuishia kwa ushindi, hivyo yanawapendelea wote. Ongeza miaka mitatu kila upande uone picha inavyobadilika. Usihesabu pia mataji ambayo mmoja hakuweza kuyagombea: USDGC, ubingwa wa Marekani wa gofu ya visahani, ilianza 1999, na Climo alilibeba taji hilo mara tano kuanzia mwaka huo.

Vifaa: jipimie mwenyewe

Kisahani cha kwanza chenye ukingo uliochongwa kwa ajili ya mchezo huu, Eagle cha Innova, kilitoka 1983. Wachezaji wa ultimate, mchezo wa timu wa kurushiana kisahani, hapa mjini wana visahani vya gramu 175 vyenye upana wa karibu sentimita 27 na ukingo butu. Hivyo vinakukaribisha kwenye enzi ya kabla yake. Tafuta kisahani cha kisasa cha masafa chenye uzito huohuo na upana wa sentimita 21. Tupa kila kimoja mara kumi kwa zamu, asubuhi kabla upepo haujaamka, upime kwa utepe wa mita 50. Chukua mtupo wa kati, usichukue mrefu kuliko yote.

Tumia uwiano wa visahani hivyo viwili, usitumie mita zenyewe. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hadi 20, hivyo kisahani hukosa sehemu ya kinachokibeba na huwahi kukata kuelekea upande wake wa kuangukia.

Kina cha wapinzani

Mwisho, hesabu ni wachezaji wangapi walikuwa ndani ya mitupo miwili kwa raundi nyuma ya mshindi, na walitoka nchi ngapi. Kristin Tattar wa Estonia alitwaa ubingwa wa dunia 2022 na 2023, na mwaka 2025 mashindano hayo yalichezwa Finland. Kundi la leo ni pana kuliko la 1990, na hilo linampa McBeth uzito ambao idadi ya mataji haiuonyeshi. Hata hivyo, kwa swali la kutawala, Climo bado yuko mbele: tisa kwa tisa ni rekodi ambayo upana wa kundi peke yake hauielezi. Unapotoa jibu lako, andika juu ya jedwali swali ulilochagua na miaka uliyoihesabu, ili anayekupinga akupinge kwa namba zilezile.