Kubadili kioo cha dirisha la ubavuni la vani ya zamani wewe mwenyewe

Kabla hujanunua chochote, chunguza kioo kimeshikwa na nini. Kikiwa kimezungukwa na raba nene inayoonekana nje na ndani, mwongozo huu unakuhusu. Kikiwa kimebandikwa moja kwa moja kwenye bati kwa gundi nyeusi, hiyo ni kazi nyingine: gundi hukatwa kwa waya na kioo kipya hubandikwa kwa gundi yake maalumu. Vani nyingi za zamani ni za raba, ndiyo maana mtu mwenye subira na msaidizi mmoja anaweza kuifanya kazi hii bila vifaa vya gereji.

Nimeingiza vioo vya namna hii mara nyingi, na kila anayeniuliza namwambia hivi: kioo chenyewe huingia kwa nusu saa, siku nzima huishia kwenye bati na raba. Anayekimbilia kioo ataishi na maji sakafuni.

Hatua ya 1: Ondoa vipande

Vioo vya ubavuni kwa kawaida hukomazwa kwa joto kiwandani, hivyo vikivunjika hutawanyika kuwa chembe ndogondogo. Hazikati kama vipande virefu, ila zinachana ngozi na kuruka machoni. Vaa glovu na miwani ya kukinga macho. Sehemu iliyobaki imesimama ibandike tepu pana ndani na nje, kisha isukume iangukie kwenye turubai.

Fyonza kwa mashine sakafu, mikunjo ya viti na reli ya mlango wa kuteleza. Halafu fungua ubao wa ndani chini ya dirisha, maana chembe nyingi huporomokea humo. Ukiziacha hazitakupigia kelele tu kwenye barabara mbaya. Zitaziba matundu ya kutolea maji, na bati litaanza kuoza kutokea ndani.

Hatua ya 2: Toa raba na uikague

Tazama upande wa nje wa raba. Ukiona utepe mwembamba uliozama kwenye mfereji wake, huo ndio unaoibana raba. Utoe kwanza, raba italegea. Usipouona, inua mdomo wa ndani kwa kabari ya mbao au ya plastiki, ukizunguka taratibu.

Ikunje raba kati ya vidole. Ikionyesha nyufa, au ikikataa kurudi umbo lake, haifai. Niliwahi kurudisha raba ngumu kwa sababu kwa macho ilionekana nzima. Maji yalipenya kwenye kona mbili za chini, na nilipoitoa tena miezi kadhaa baadaye nilikuta kutu imeshatoboa bati. Tangu hapo sirudishi raba yenye shaka hata kidogo.

Unapokwenda kununua mpya, beba kipande cha ile ya zamani. Raba ina mifereji miwili, mmoja wa kioo na mmoja wa ukingo wa bati, na upana wake lazima ulingane na unene wa vitu hivyo. Kama inauzwa kwa mita, ikate izidi mzingo kwa takriban sentimita 1 ili ncha zisukumane, kwa kuwa raba hunywea kadiri inavyozeeka. Ncha zikutane kwenye sehemu iliyonyooka, kamwe zisikutane kwenye kona.

Hatua ya 3: Ukingo wa bati

Hapa usiwe na haraka. Sugua ukingo wote kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka bati safi lionekane. Gundi ya zamani na rangi inayobanduka viondoke vyote. Kutu ya juujuu hutoka kwa msasa. Iliyobaki kwenye vishimo ipake dawa ya kutu. Pakiwa pametoboka, pachomelewe bati jipya kwanza. Kuna wanaoziba matundu kwa gundi na kuendelea na kazi. Raba inabana kwa sababu ukingo ni mgumu na umenyooka, kwa hiyo kwenye bati laini hakuna kitakachoshika.

Paka praima, halafu rangi, uache ikauke kabisa. Rangi mbichi itaganda na raba na kubanduka nayo. Ukingo uliopinda unyooshe sasa kwa koleo na nyundo ndogo.

Hatua ya 4: Kupata kioo sahihi

Njia nyepesi ni kioo kizima kutoka gari la muundo uleule lililokufa. Tazama muhuri kwenye kona: herufi E ndani ya duara pamoja na 43R maana yake kimepitishwa kwa Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya usalama vya magari.

Kama huna njia hiyo, weka rula ndefu juu ya kioo cha ubavu wa pili. Ikilala bila mwanya wima na mlalo, kioo ni bapa na kinaweza kukatwa kipya. Lakini kioo kilichokwisha kukomazwa hakikatwi wala hakitobolewi. Ukijaribu kitasambaratika chote. Ama kikatwe kwanza ndipo kikomazwe, ama utumie kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, kama cha mbele. Usikubali kioo cha madirisha ya nyumba. Siku ya ajali kinageuka visu.

Kioo ni kidogo kuliko tundu la bati, na hapo wengi hukosea. Pima tundu ukingo hadi ukingo, kisha toa unene wa raba unaobaki kati ya mifereji miwili, mara mbili. Tundu la milimita 900 na raba yenye unene wa milimita 5 hapo katikati hukupa 890. Punguza 2 zaidi ili kipate nafasi. Fanya vivyo hivyo kwa kimo. Kata kiolezo cha kadibodi, kivishe raba, ukijaribu kwenye tundu kabla ya kuagiza kioo.

Hatua ya 5: Raba, kamba, sabuni

Chagua siku ya joto, au loweka raba kwenye maji ya moto kwanza. Ivishe kioo, ukianza na kona. Kisha chukua kamba laini ya nailoni yenye unene wa milimita 4 au 5, uizamishe kwenye mfereji wa bati kuzunguka kote. Ncha zipishane sentimita 15 hadi 20 katikati ya upande wa chini, na zining'inie ndani ya gari.

Puliza maji ya sabuni kwenye ukingo na kwenye raba. Grisi na oili hapana, zinaila raba.

Msaidizi akiwa nje asimamishe kioo katikati ya tundu na akisukume kwa viganja. Wewe ukiwa ndani vuta ncha moja ya kamba kuelekea katikati ya kioo. Ukiivuta kufuata ukingo utachana raba. Mdomo utapinduka na kuukumbatia ukingo wa bati, inchi kwa inchi, na msaidizi asukume palepale unapovuta. Nenda hadi kona ya kwanza, kisha vuta ncha ya pili upande wa pili, mkipokezana mpaka kamba itoke juu.

Kona ikikataa, simameni. Ongeza sabuni, piga raba kwa kiganja, jaribu tena. Kioo kilichokomazwa ni kigumu usoni ila dhaifu ukingoni: bisibisi ikikigonga pembeni, kinaweza kupasuka chote mikononi mwenu. Utepe wa kubana, kama upo, uingie mwisho.

Hatua ya 6: Jaribio la maji

Elekeza mpira wa maji kwenye dirisha bila nguvu, ukianzia chini na kupanda polepole, huku mtu akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka na hutajua yalikoingilia. Palipovuja, pawekee alama, subiri pakauke kabisa, kisha inua mdomo wa raba na uingize silanti (dawa ya kuziba mianya) isiyokauka ikawa ngumu. Silikoni inayonuka siki iache kabisa, asidi yake inaamsha kutu.

Rudia jaribio siku inayofuata. Pakibaki pakavu, ndipo urudishe ubao wa ndani.