Kufunga mipira mipya ya mafuta unapobadili injini ya gari

Gari la kabureta linapofungwa injini ya EFI, yaani inayopuliziwa petroli na nozeli zinazoongozwa kwa umeme, kitu cha kwanza kuangaliwa ni mipira ya mafuta. Pampu ya kabureta husukuma petroli kwa presha isiyofikia baa 0.5, ilhali injini nyingi za EFI huhitaji takribani baa 3. Mpira wa zamani waweza kuonekana mzima na hata kupitisha mafuta kwa siku kadhaa, kisha ukapasuka juu ya ekzosi yenye moto. Ukitaka kuamini, kata kipande chake ukikunje kati ya vidole: mara nyingi utaona nyufa nyembamba, mfano wa udongo wa mbuga za huku Tabora uliokaukiwa na jua la Oktoba. Pampu nayo haina budi kubadilishwa, kwa sababu ile ya kabureta haiwezi kazi hiyo.

Kazi hii ifanyike mahali pa wazi, na kivuli cha mwembe kinafaa kuliko shimo la gereji, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama shimoni ukisubiri cheche. Ondoa waya wa hasi wa betri, fungua kifuniko cha tangi ili hewa iliyobanwa itoke, na uweke karibu mtungi wa unga wa kuzimia moto.

Dukani, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira. Unaofaa kwa EFI huandikwa SAE J30R9, na ule wa R7 ni wa presha ndogo, hata kama muuzaji atakuambia kwamba yote ni sawa. Ukate kwa kisu kikali, kamwe si kwa msumeno, kwani vumbi la mpira huishia kwenye nozeli. Kisha upulize kwa upepo kabla ya kuufunga. Usukume upite uvimbe ulio mwishoni mwa bomba la chuma kwa kiasi cha sentimita 2, na klipu ikae nyuma ya uvimbe huo, si juu yake. Tumia klipu ambazo ndani ni laini, maana zile zenye matundu hula mpira kila unapozikaza.

Injini hutikisika juu ya mipira inayoibeba, hasa katika barabara za vumbi na makorongo, kwa hiyo uache mpira wa mafuta ulegee kidogo kati ya bodi na injini, uwe mbali na ekzosi, na usiguse ncha yoyote ya bati. Filta ifungwe mshale wake ukielekea kwenye injini.

Usipige stata kabla ya kujaribu presha. Rudisha betri, fungua swichi, na pampu izunguke. Katika Toyota nyingi za zamani haitazunguka mpaka uunganishe kwa waya matundu yaliyoandikwa FP na +B katika kiboksi cha ukaguzi. Wakati inazunguka, futa kila kiungio kwa karatasi nyeupe kavu ukimulika kwa tochi, kwa sababu tone dogo hukauka kabla jicho halijaliona, lakini karatasi hubaki na alama. Ukiiona, zima swichi, funga upya kiungio hicho na uanze jaribio tangu mwanzo. Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, rudia ukaguzi huo.